Daktari wa Nani? Jibu kuhusu mwaka wa uanagenzi katika saikolojia ya mahakama

Swali: Shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Langoni, Lamu, na nimemaliza masomo ya darasani ya shahada ya uzamifu katika saikolojia ya tiba huko Nairobi. Nimebakiza mwaka wa uanagenzi na tasnifu. Mwaka huo nataka kuufanya upande wa mahakama na magereza, na moyo wangu uko Marekani, kwa kuwa nimesikia ndiko kuliko na hospitali za wafungwa zenye majina makubwa. Mwalimu wangu mmoja ananiambia nirudi Pwani. Mama naye ananiuliza kama nitakuwa nikiwatibu wahalifu au nikiwahukumu, na nimekosa la kumjibu. Nichague vipi, na mwaka huo hasa hufundisha nini?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nitaanza na swali la mama yako, kwa kuwa ndilo lililobeba mengine yote. Hutawatibu wala hutawahukumu. Utakuwa mtu aliyetumwa na mahakama kwenda kutazama jambo ambalo hakimu hakusomea kulitazama, kisha kurudi na kueleza ulichokiona kwa lugha ambayo hakimu, wakili, kiongozi wa mashtaka na mshtakiwa mwenyewe wanaweza kuifuata na, wakitaka, kuipinga. Miaka yako yote ya masomo imekufundisha kumtumikia aliyeketi mbele yako. Mwaka huu utakufundisha kuketi mbele ya mtu kwa heshima na huruma ileile huku ukijua kwamba aliyekutuma ni mwingine. Kugeuka huko ni kugumu kuliko jaribio lolote la kisaikolojia utakalofundishwa kulitumia, na ndiyo sababu nitakushauri uchague kituo kwa kumtazama msimamizi atakayesoma rasimu zako, si kwa ukubwa wa jina lililoandikwa langoni.

Mimi nilijifunza hilo kwa kuumiza mtu. Katika mwaka wangu wa mafunzo, kwenye hospitali ambayo sitaitaja, nilikuwa nikimshauri kijana aliyeshtakiwa kwa kuichoma moto nyumba ya makuti ya ami yake. Tulikuwa tumekutana kwa wiki 7, naye ameanza kuniamini, mahakama ilipoleta agizo la kutaka ripoti kuhusu hali yake ya akili. Wafanyakazi walikuwa wachache, nikaambiwa niiandike mimi kwa kuwa ndimi ninayemjua, nami nikaona fahari kuaminiwa. Hakimu alikuwa ameuliza jambo moja tu: je, kijana huyu anaweza kuifuata kesi na kujitetea? Mimi niliandika kurasa 11. Nilieleza utoto wake, hofu zake za usiku, na jambo zito alilonieleza kuhusu mama yake katika kikao cha ushauri, na jibu la swali la hakimu nikalitia katika mistari miwili mwishoni. Msimamizi wangu alitia saini bila kuisoma. Siku ya kesi ripoti ilisomwa kwa sauti, mama yake ameketi benchi la pili na kikapu cha chakula alichomletea mwanawe, na yule kijana akageuka akanitazama. Hakusema kitu, na hakunena nami tena mpaka nilipoondoka pale.

Kosa langu kubwa halikuwa kuandika vibaya. Lilikuwa kukubali kuwa mtabibu na mtathmini wa mtu yuleyule katika shauri lilelile, jambo ambalo mwongozo wa saikolojia ya mahakama uliopitishwa na Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, yaani APA, mwaka 2011 unatuonya tuliepuke, kwa sababu ahadi ya siri tunayoitoa katika tiba haiwezi kukaa chumba kimoja na wajibu wa kuieleza mahakama. Kosa jingine lilikuwa kuijaza ripoti mambo ambayo hayakuulizwa. Katika hospitali ya kawaida, kuandika mengi kuhusu mgonjwa ni bidii. Mahakamani, kila sentensi isiyojibu swali ni siri ya mtu iliyomwagwa bure. Laiti msimamizi wangu angaliisoma rasimu ile kwa dakika 20 tu, angalikata kurasa 8.

Nikuoneshe sasa namna dakika za kwanza za mahojiano zinavyopaswa kwenda, kwa kuwa hapo ndipo mwanagenzi hujulikana. Umeingia gerezani, simu umeiacha langoni, umepekuliwa, na umepewa chumba chenye meza moja na viti viwili. Mlango hauruhusiwi kufungwa kabisa, kwa hiyo askari amesimama hatua chache nje, na kila akigeuka unasikia funguo zake. Mahabusu analetwa akiwa na ndara miguuni, ameambiwa tu kwamba daktari anamwita, kwa hiyo anaketi na kuanza kukueleza kikohozi chake na maumivu ya mgongo. Ni lazima umsimamishe kwa upole kabla hajafika mbali. Unamwambia jina lako, kwamba umetumwa na mahakama, kwamba hutampa dawa wala hutakuwa ukija kumshauri, kwamba atakayoyasema huenda yakaandikwa na kusomwa mbele ya watu, na kwamba ana haki ya kukataa swali lolote, nawe utaandika tu kuwa amelikataa. Kisha unamwomba akurudishie hayo kwa maneno yake mwenyewe, na jibu lake unaliandika neno kwa neno. Kikohozi chake nacho usikisahau: ukitoka, mfahamishe mhudumu wa zahanati ya gereza, kwa kuwa kutokuwa mtabibu wake hakukuondolei utu.

Mzee mmoja mvuvi wa upande wa Faza alinisikiliza hadi mwisho, akanyamaza, akauliza: "Basi wewe u daktari wa nani?" Nikamjibu: "Wa mahakama, mzee wangu." Akafikiri kidogo, akasema: "Haya. Basi ya mahakama nitakwambia wewe, na ya nyumbani nitamwambia wakili." Mtu huyo hakujua kusoma, na faili lake lilimweleza kuwa "amechanganyikiwa", lakini kwa sentensi ile moja alionesha kwamba anajua nani yuko upande gani na siri yake aiweke wapi, na huo ndio moyo wa uwezo wa kujitetea. Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoweka kipimo chake katika kesi ya Dusky mwaka 1960, iliuliza jambo hilohilo: je, mshtakiwa ana uwezo sasa wa kushauriana na wakili wake kwa ufahamu wenye mantiki, na je, anaelewa kesi inayomkabili kwa ukweli wake na kwa maana yake? Mzee wa Faza angalifaulu.

Sheria yetu nayo huuliza kuhusu nyakati mbili tofauti, na mwanagenzi asiyezitenganisha ataandika ripoti isiyomfaa mtu yeyote. Kifungu cha 162 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinahusu leo: mahakama ikiwa na sababu ya kuamini kwamba mshtakiwa hana akili timamu na kwamba kwa hali hiyo hawezi kujitetea, sharti ilichunguze jambo hilo. Kifungu cha 12 cha Sheria ya Kanuni za Adhabu kinahusu siku ya tendo: je, maradhi yaliyoathiri akili yake yalimfanya ashindwe kuelewa anachokifanya, au kujua kwamba hakupaswa kukifanya? Fikra hiyo ya pili tuliirithi kutoka Uingereza, katika kanuni zilizotokana na kesi ya Daniel M'Naghten mwaka 1843, na kifungu cha 11 hutuanzisha kwa kumchukulia kila mtu kuwa na akili timamu mpaka ithibitishwe vingine. Basi yupo aliyekuwa mgonjwa sana siku ya tendo, akatibiwa akiwa mahabusu, na leo anaweza kusimama kizimbani akajieleza vizuri. Na yupo aliyekuwa mzima siku ile, lakini miezi ya kufungiwa imemvunja hata hajui yuko wapi. Ukiandika tu kwamba "ana skizofrenia" hujajibu swali la yeyote kati ya hao wawili. Jina la ugonjwa si jibu la sheria, na sentensi hiyo utaisikia kwa msimamizi mzuri hadi uichoke.

Uzito wa jibu lako uuelewe pia. Chini ya kifungu cha 166, anayeonekana kuwa alitenda huku akiwa mgonjwa wa akili huandikiwa uamuzi wa pekee, kisha huzuiliwa kwa muda usiotajwa, na majaji kadhaa wa Mahakama Kuu wamekikosoa kifungu hicho kwa sababu kinaweza kumweka mgonjwa gerezani kwa muda mrefu kuliko aliyefungwa kwa kosa lenyewe. Kwa watoto, Sheria ya Watoto ya 2022 imeupandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12, na aliye chini ya miaka 14 huchukuliwa kuwa hawezi kutofautisha jema na baya mpaka mahakama iridhishwe kwa ushahidi. Ushahidi huo utatoka wapi, kama si kwa mtu aliyesomea ukuaji wa mtoto na akaketi naye? Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu yetu katika kesi ya Muruatetu, Desemba 14, 2017, ulioondoa ulazima wa hukumu ya kifo kwa mauaji, majaji hutakiwa kusikiliza kwanza ya kumpunguzia mshtakiwa adhabu, na hapo pia historia ya maisha iliyochunguzwa kwa makini ina kazi.

Utasikia watu wakikwambia kwamba hiyo ni kazi ya madaktari wa magonjwa ya akili, si yenu. Ni kweli kwamba ripoti inayotangulia kujibu mashtaka ya mauaji kwa kawaida hutiwa saini na daktari. Lakini kifungu cha 48 cha Sheria ya Ushahidi kinazungumzia watu wenye ujuzi maalumu, hakisemi madaktari peke yao. Wamarekani walibishana jambo hilo zamani, na mwaka 1962, katika kesi ya Jenkins, mahakama ya rufaa ya Washington ilisema kwamba mwanasaikolojia hawezi kuzuiwa kutoa maoni kuhusu ugonjwa wa akili kwa sababu tu hakusomea udaktari. Kinachotazamwa ni mafunzo na uzoefu wake katika jambo lililoulizwa. Kwa hiyo mafunzo yako ndiyo kibali chako, na wakili mkali atayafungua ukurasa kwa ukurasa.

Sasa nifike mahali ambapo mwalimu wako ana haki, na ambapo mimi nina mengi ya kusema. Mtu wa Pwani akikuambia kwamba ndugu yake ana jini, hajakupa dalili ya ugonjwa bado. Amekupa lugha ya mahali pake. Nimesoma ripoti za wageni zilizoandika "imani potofu zisizotikisika" kwa mtu aliyesema tu kwamba alikunywa kombe, yaani maji yaliyooshewa maandishi ya Kurani, akasomewa, na pepo akatulia. Kwa kipimo hicho nusu ya mtaa wetu ingalilazwa. Nimesoma pia ripoti za wenyeji waliokwepa kosa hilo wakaangukia lingine: kila jambo wakaliita mila, na mgonjwa aliyekuwa akizama mbele yao wakamwacha. Njia niliyofundishwa na mama mmoja mwuguzi, aliyezaliwa Shela na aliyefanya kazi wodini miaka mingi, ni kuwauliza wanaoamini. Wazee wanaojua majini hujua pia jinsi majini yanavyokwenda: huja kwa namna fulani, hutaka kitu fulani, husikia wanapozungumzishwa. Utakuta shangazi mtu anakuambia waziwazi: "Hili si jini, mwanangu. Jini tumelijua. Huyu ameacha kulala tangu mfungo sita, haogi, anacheka na ukuta, na mvuvi mzuri kama yeye hajui tena kuifunga nyavu." Hapo umepata vitu viwili kwa mara moja: imani ya mtu huyo imetoka nje ya mila ya watu wake, na maisha yake yameporomoka kwa mpangilio wa tarehe unaoweza kuulinganisha na tarehe ya tendo. Ripoti yako itayataja yote mawili, na mahakama itaiona tofauti bila kulazimika kuamini wala kukana majini.

Hata maswali kuhusu mahakama yenyewe yana mtego. Vitabu vya Marekani vitakufundisha kumwuliza mshtakiwa kazi ya jaji ni nini. Mzee wa Lamu ambaye maisha yake yote amemwona kadhi akisuluhisha talaka na mirathi anaweza kukujibu kwamba jaji kazi yake ni kupatanisha watu, nawe ukamwandikia kuwa haelewi. Anaelewa, anaelewa mahakama nyingine. Mweleze kwa sentensi tatu jinsi kesi ya jinai inavyokwenda, rudi baada ya siku mbili, umwulize tena. Anayeweza kujifunza na kukumbuka ana uwezo, hata kama siku ya kwanza hakuwa na habari. Asiyeweza, hata baada ya kuelezwa mara tatu kwa Kiamu au Kigiriama chake mwenyewe, huyo ndiye wa kumtazama zaidi.

Majaribio ya karatasi nayo yana mipaka yake, na ni afadhali uijue kabla hujaipenda mizani yake ya tarakimu. MMPI-2, dodoso la hulka na dalili za maradhi ya akili, ina sentensi 567 za kujibiwa ndiyo au siyo, na wastani wake ulipatikana kwa Wamarekani; kumpa mtu aliyeishia darasa la nne, kwa tafsiri ya papo hapo ya mkalimani, ni kupima uchovu wake. Mizani ya Hare ya saikopathi, yaani hulka ya mtu asiyehurumia wala kujuta, ina vipengele 20 na alama hadi 40, na haitolewi kwa mahojiano peke yake, inahitaji mafaili kamili ya maisha ya mtu, ambayo magerezani kwetu mara nyingi ni karatasi tatu zilizotobolewa na uzi. HCR-20, mwongozo wa kupima hatari ya mtu kufanya ukatili, inayopanga mambo 10 ya historia, 5 ya hali ya sasa na 5 ya mazingira yajayo, inafaa zaidi kwa sababu inakufundisha kuuliza ni katika hali zipi hatari huongezeka, badala ya kutabiri kwamba fulani atarudia. Na jaribio la picha 50 linalotumika kutambua wanaosingizia kusahau ni chombo kizuri, lakini usimwite mtu mwongo kwa alama moja. Mwenye njaa, asiyelala, aliyetoka kupigwa, hukosea pia.

Kuhusu Marekani, nakuheshimu kwa kutamani, kwa sababu wenzetu wameupanga mwaka huu vizuri. Mwanafunzi wa uzamifu, awe wa PhD au wa PsyD, hafuzu bila mwaka mzima wa uanagenzi. Shirika la APPIC, lililoanzishwa 1968, huendesha utaratibu wa kuwaoanisha wanafunzi na vituo: wewe unavipanga vituo kwa upendeleo wako, vituo vinawapanga waombaji, na kompyuta inawafunga kwa makubaliano ambayo hayavunjwi, majibu ya awamu ya kwanza yakitoka Februari. Kituo sharti kiwe na wanagenzi wasiopungua wawili, ili mmoja asikae peke yake. Sharti uhudumie watu ana kwa ana angalau robo ya muda wako. Na kwa wiki ya saa 40 sharti upate si chini ya saa 2 za kusimamiwa peke yako na mwanasaikolojia mwenye leseni na shahada ya uzamifu. Hospitali ya wafungwa ya Springfield huko Missouri, ile ya Butner huko North Carolina, na Saint Elizabeths ya Washington, iliyofunguliwa 1855, ndizo ambazo pengine umezisikia, na ni kweli kwamba mwanagenzi huko huona tathmini nyingi za mahakama kwa mwaka kuliko wengi wetu kwa miaka mitatu.

Lakini wewe umesajiliwa Nairobi. Vituo vingi vya aina hiyo huhitaji mwanafunzi atoke katika programu iliyoidhinishwa na APA au na chama cha Kanada, na nafasi zilizo chini ya idara ya maveterani, yaani askari wastaafu, huhitaji uraia wa Marekani. Sikuambii usiombe. Nakuambia usiukalie mwaka mmoja ukingoja mlango ambao haukutengenezwa kwa ajili yako, ilhali unaweza kuuchukua mpangilio wao ukaujenga hapa: saa za usimamizi zilizoandikwa, mwenzako wa kujifunza naye, na mizunguko inayojulikana tarehe zake.

Hapa unaweza kuujenga hivi. Anza na miezi ya Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili ya Nairobi, iliyoanzishwa 1910 na iliyo na kitengo chenye ulinzi mkali kwa wanaoletwa na mahakama na magereza, kwa kuwa ni lazima uone ugonjwa mkali wa akili kwa wingi kabla hujathubutu kusema haupo. Kisha hospitali ya Port Reitz, Mombasa, uzoee wagonjwa wa Pwani kwa lugha zao. Halafu Malindi, ambako mahakama za ngazi kadhaa, kuanzia kadhi na hakimu hadi Mahakama Kuu, ziko karibu na gereza la wanaume na la wanawake, na ambako kliniki ya methadoni ya hospitali, dawa ya kuwaachisha watu heroini, iliyoanza 2015, itakufundisha kutofautisha arosto ya unga, yaani mateso ya kuikosa heroini, na wazimu, jambo ambalo mahabusu wengi wa pwani hii wameumizwa kwa kukosewa. Mwisho panda kwenu: mahakama ya Lamu, gereza lililo pale Hindi, na Mahakama Kuu ya Garsen ambako kesi nzito za Lamu husikizwa. Mwulize mama yako kuhusu ngome iliyo pale Mkunguni, ambayo leo watu huingia kutazama na kusoma. Ilikuwa gereza hadi 1984. Watu wa umri wake walipita na vikapu vya sokoni chini ya madirisha ya wafungwa, na nadhani swali lake lina kumbukumbu hiyo ndani yake.

Msimamizi ndiye atakayekufanya uwe au usiwe. Kabla hujakubali nafasi yoyote, omba kuzungumza naye na umwulize ripoti ngapi za mahakama aliandika mwaka uliopita, mara ngapi amehojiwa na wakili wa upande wa pili, na rasimu ya mwanagenzi wake wa mwisho aliisoma mara ngapi kabla ya saini. Akikujibu kwamba ataiangalia akipata nafasi, mshukuru uondoke. Mwulize pia mwanagenzi aliyemtangulia, faraghani. Na uulize nani atakayekusikiliza wewe.

Jambo hilo la mwisho nalisema kwa uzito. Mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ya waumini wanaodaiwa kufundishwa kufunga hadi kufa ilipofukuliwa katika msitu wa Shakahola, sisi tuliokuwa Malindi tulikuwa na wanafunzi mikononi. Jamaa walikuwa wakija hospitalini kutoa sampuli za kuwatambua wapendwa wao, na waliookolewa wakiwa hai wengine walikataa chakula. Kisha Juni mwaka huohuo, 65 miongoni mwa waliookolewa walifikishwa katika mahakama ya Shanzu kwa shtaka la kujaribu kujiua. Mtu yuleyule akawa mgonjwa asubuhi, shahidi mchana, na mshtakiwa jioni. Na mwanasaikolojia aliyemwendea bila kujua ametumwa na nani kati ya hao watatu angaliweza kumwangamiza kwa nia njema kabisa. Shtaka la kujaribu kujiua Mahakama Kuu ililitangaza kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025. Washtakiwa wakuu nao, kabla ya kujibu mashtaka ya mauaji ya watoto 191 katika Mahakama Kuu ya Malindi mapema 2024, waliamriwa kupimwa akili kwanza, kama utaratibu unavyotaka. Mwanagenzi wangu mmoja wa siku zile aliacha kula nyama, kisha akaacha kulala, na alificha kwa mwezi mzima kwa kudhani udhaifu huo ungemharibia alama. Nilipaswa kuuliza mapema. Tangu hapo, kila saa ya usimamizi naianza kwa kumtazama mtu kabla ya kuitazama karatasi, na msimamizi asiyefanya hivyo usimkubali hata akiwa na shahada tano.

Malipo sitayazungumzia sana: vituo vingi vya hapa havilipi, kwa hiyo pangilia nauli na malazi kabla, na usione haya kuiomba kaunti yako msaada wa masomo.

Barua moja iandike wiki hii. Sheria ya 2014 iliunda Bodi ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia, nayo ndiyo itakayokusajili. Waeleze kwa maandishi mizunguko unayoikusudia, jina na namba ya usajili ya kila msimamizi, na saa za kila wiki, uombe wakujibu kwa maandishi kama mwaka huo utahesabiwa, na nakala uipe idara yako ya chuo. Nimeona mwanafunzi aliyefanya kazi miezi 12 akaambiwa mwishoni kwamba msimamizi wake hakuwa na sifa. Wakati unangoja jibu, kaa na mama yako barazani, umsomee kwa Kiamu maneno utakayomwambia mahabusu katika dakika za kwanza, kisha umwombe akurudishie kwa maneno yake. Pale atakapokwama, pafute uandike upya.